Huzuni iliyomzunguka mtu: 'woebegone' ilikotoka

Swali: "Nafundisha Kiingereza kidato cha pili na cha tatu. Juzi tulikuwa tunasoma hadithi fupi, tukakutana na sentensi hii: 'The dog stood at the gate, wet and woebegone.' Nikawaambia wanafunzi neno hilo la mwisho maana yake ni mwenye huzuni. Binti mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, woe si ndiyo huzuni? Na begone si ndiyo ondoka? Sasa huzuni ikiondoka, huyo mbwa si angefurahi?' Nilikosa jibu. Naomba unieleze neno hili limetoka wapi, na kama inawezekana unipe na Kiswahili chake, maana 'mwenye huzuni' naona halitoshi."

Ndugu mwalimu,

Kwanza mpongeze huyo binti mbele ya wenzake. Amelivunja neno, akatazama vipande vyake, na alipoona havilingani na maana aliyopewa hakunyamaza. Mtu wa namna hiyo ndiye anayejifunza lugha kweli. Amekosea mahali pamoja tu, na ni mahali ambapo hata Waingereza wenyewe wengi hukosea: 'begone' iliyomo ndani ya 'woebegone' si ile ya kufukuzia. Ni maneno mawili yaliyopita njia mbili yakakutana kwenye tahajia moja.

Jambo hili lipo hata kwetu. Ukisoma kwenye ukurasa wa michezo kwamba "Kocha akalia kuti kavu", hakuna msomaji anayedhani kocha ametoa machozi. Lakini ukisoma hadithini "akaanguka, akalia", herufi ni zilezile na mtu analia kweli. La kwanza ni a-kalia, anakalia. La pili ni a-ka-lia. Sikio letu linatenganisha bila kufikiri kwa sababu vipande vyote viwili bado viko hai midomoni mwetu. Shida ya 'woebegone' ni kwamba kipande chake kimoja kilikwisha kufa zamani, kwa hiyo anayekiona leo anakichukua kwa kile kilichobaki hai.

Ile 'begone' ya kufukuzia ni 'be' na 'gone' zilizoshikana: uwe umekwenda, yaani toka hapa. Ndugu yake ni 'beware', ambayo ni 'be' na 'ware', neno la zamani la mtu mwangalifu. Hapo 'be' ni kitenzi kamili, ni "uwe". Hiyo tuiweke kando.

Ya kwetu inatoka mbali zaidi, kwenye Kiingereza cha kale kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Kulikuwa na kitenzi 'begān'. Sehemu ya pili, 'gān', ndiyo 'go' ya leo, kwenda. Sehemu ya kwanza, 'be-', ni kiambishi cha mbele chenye undugu na 'by', na moja ya kazi zake ilikuwa kusema kwamba tendo linafanyika pembeni na pande zote za kitu. Kiambishi hicho ndicho kilichomo kwenye 'beset', kumzonga mtu kila upande, na kwenye 'besiege', kuuzingira mji. Kwa hiyo 'begān' ilikuwa kukiendea kitu kwa kukizunguka. Ilitumika kwa watu waliozunguka mahali, walioishi mahali, waliolima ardhi, hata kwa walioshika ibada. Mimi humwona mtu anayezunguka shamba lake asubuhi, mpaka hadi mpaka. Kitendo hichohicho akikifanya adui kwenye ukuta wa mji, mambo yanageuka.

Na 'woe' je? Hii haikuanza kama jina la hisia. Ilianza kama kilio. Kiingereza cha kale walisema 'wā', Wajerumani mpaka leo wanasema 'weh', Warumi walisema 'vae'. Ni sauti inayomtoka mtu kabla hajapanga sentensi. Kiswahili tuna neno linalofanya kazi hiyohiyo, na wafasiri wa Biblia walilitumia vizuri sana: ole. Penye 'woe unto you' pakawa "ole wenu". Isaya alipoona maono hekaluni, Kiingereza kikasema 'woe is me' na Kiswahili kikasema "ole wangu". Tena katika Ufunuo sura ya 9 utaona kilio hicho kimegeuka kuwa jina la kitu hadi kinahesabika: ole moja imepita, mbili zinakuja. Ndivyo ilivyokuwa kwa 'woe'. Kilio kikawa jina la msiba wenyewe.

Hapa naomba usimamishe darasa kidogo kwenye 'woe is me', kwa sababu ufunguo uko hapo. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini si 'woe is I'. Jibu ni kwamba 'me' hapo maana yake ni "kwangu mimi", juu yangu. Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo mbalimbali ya jina na kiwakilishi kuonyesha nani ametenda, nani ametendwa, na nani tendo limemwangukia. Mtu aliyeangukiwa na huzuni hakuwekwa kwenye kiti cha mtenda. Alitajwa kwa umbo la "kwangu", na huzuni ikabaki kuwa ndiyo iliyofanya kazi. Mabaki mengine ya namna hiyo ni 'methinks', ambayo watu huielewa kama "mimi nafikiri" wakati ukweli wake ni "yanionekania mimi".

Sasa tuunganishe. Kwenye miaka ya 1300 hivi tunakuta Waingereza wakisema 'me is wo begon'. Ukilitafsiri hilo kwa Kiingereza cha leo, kipande kwa kipande, unapata uji. Lakini litafsiri kwa Kiswahili uone: "Mimi, huzuni imenizingira." Linakaa sawasawa! 'Me' ni yule "mimi" wetu wa mwanzo wa sentensi ambaye si mtenda. 'Wo' ndiyo mtenda. 'Is begon' ni "imenizingira", kwa sababu zamani vitenzi vya mwendo vilichukua 'is' pale ambapo leo wanatumia 'has'. Bado wanasema 'he is gone' kwa maana ya amekwenda, na siku ya Pasaka bado wanaimba 'Christ is risen'. Kwa hiyo huzuni haikufukuzwa. Huzuni ndiyo iliyotembea, ikamzunguka mtu, ikafunga njia zote.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi sentensi hai ya zamani, nenda kwa Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400. Katika hadithi anayoisimulia msaga nafaka kuna kijana anaitwa Absolon, karani wa parokia kule Oxford, mwenye nywele za mawimbi zinazong'aa kama dhahabu. Amempenda Alison, mke wa seremala, na mapenzi hayamwendei vizuri hata kidogo. Chaucer anasema kijana huyo anambembeleza Alison siku hadi siku 'that hym is wo bigon', mpaka majonzi yamemzingira. Mistari inayofuata inatuonyesha mtu aliyezingirwa anavyoishi: halali usiku wala mchana, anachana nywele zake na kujipamba, anapeleka mvinyo wa asali na bia ya viungo, anapeleka na vitumbua vyembamba vya moto kutoka jikoni. Tazama kile kiwakilishi, 'hym'. Hakuandika 'he'. Absolon bado ni mtu aliyeangukiwa.

Chaucer huyohuyo, kwa kinywa cha mama mmoja kutoka mji wa Bath aliyeolewa mara tano, anaandika kinyume chake. Mama yule anajisifu kwamba alipokuwa mwanamke wa kuchangamka alikuwa mzuri, tajiri, kijana, 'and wel bigon'. Hapo mtu amezungukwa na mema. Kumbe 'begon' peke yake haikuwa na huzuni wala furaha. Ilisema tu kwamba kitu kimekuzunguka, na kilichokuzunguka ndicho kilichoamua hali yako. Hiyo 'wel begon' ikafa. Ya huzuni ikabaki. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na ninachoamini ni kwamba aliye na heri hajisikii amezungukwa, anajisikia yuko wazi. Kuzungukwa ni hisia ya mwenye dhiki.

Basi ilikuwaje 'me is woebegone' ikawa 'I am woebegone'? Hapa pana badiliko kubwa la Kiingereza kizima. Yale maumbo ya kuonyesha nani kaangukiwa na nini yaliliwa polepole na usemaji. Viwakilishi vilihifadhi kidogo, kama 'he' na 'him', ila majina ya kawaida yalipoteza karibu yote. Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, alilieleza kwa mfano ambao walimu wa historia ya lugha hawauachi: mfalme na mapeasi. Zamani sentensi ilikuwa na maana ya "mfalme, mapeasi yalimpendeza", na umbo la neno mfalme lilionyesha wazi kwamba yeye hakutenda kitu, mapeasi ndiyo yaliyompendeza. Maumbo yalipofutika, watu wakasikia 'the king' limesimama mwanzo wa sentensi, mahali pa mtenda, wakalichukua kuwa mtenda. Ikawa "mfalme aliyapenda mapeasi". Hakuna aliyeketi akaamua. Watoto walisikia sentensi ya wazazi wao na kuipanga upya vichwani.

Ndivyo ilivyotokea hapa. Ukisema 'the king is wo begon', hakuna sikio la kukuambia kama mfalme ndiye aliyeangukiwa au ndiye mwenye sentensi. Akakalishwa kwenye kiti cha mbele, na 'wo begon' mbili zikashikana kuwa sifa yake: mfalme ni mwenye-kuzingirwa-na-huzuni. Kitenzi 'bego' chenyewe, yaani ile 'begān' ya kale, kikaachwa kikafa, na hicho kipande kimoja kikabaki kimenasa ndani ya neno kama mfupa ndani ya jiwe.

Sisi Kiswahili tunafanya safari hiyo kila siku, kwenda na kurudi, bila kupoteza kitu. "Huzuni imenishika." "Nimeshikwa na huzuni." "Msiba umetufika." "Tumefikwa na msiba." Tunamhamisha mtu kutoka kuangukiwa hadi kichwa cha sentensi kwa kukiongezea kitenzi sauti moja tu, 'w', na bado tunajua nani alifanya nini. Kubwa kuliko yote ni kufiwa. Kufa ni kwa marehemu, lakini lugha yetu inachukua kitendo kile, inakielekeza kwa aliyebaki, kisha inampa sentensi yake mwenyewe: amefiwa. Mwingereza hana neno la kutendea kitenzi cha kufa hivyo. Waulize wanafunzi wako watafsiri "amefiwa na mama yake" kwa kutumia 'die', na waache wahangaike kidogo. Watakapogundua kwamba haiwezekani mpaka wazunguke, ndipo utakapowaambia kwamba zamani Kiingereza nacho kilikuwa na namna yake ya kumtaja mtu aliyeangukiwa, na 'woebegone' ni kipande kilichobaki.

Jambo moja la kuwasaidia na maneno mengine ya jamii hii. Yako mengi ya moyo mzito yaliyoungwa kwa maneno mawili, na si yote yameungwa kwa mshono mmoja. 'Heartbroken': moyo ndio uliovunjika. 'Crestfallen', neno la mwishoni mwa karne ya 16: upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya utosini, ndio ulioanguka. Katika hayo kitu kinachotajwa kwanza ndicho kilichopatwa. Lakini 'careworn' ni aliyechakazwa na mahangaiko, 'moth-eaten' ni kilicholiwa na nondo, na 'woebegone' imo kundi hili. Kinachotajwa kwanza ndicho kilichotenda. Nondo walikula, huzuni ilizunguka. Mwanafunzi akijua kuuliza "katika neno hili, nani kamfanyia nani?", hatadanganyika tena na sura.

Sasa nije kwenye uso, kwa sababu mbwa wako wa getini yuko huko. Kwa Chaucer neno lilisema kilichomo ndani ya mtu. Leo Mwingereza hulitumia zaidi kwa kinachoonekana: uso, mabega, koti lililochoka, mnyama aliyelowa. Kwa Shakespeare unauona mlango kati ya vyumba hivyo viwili. Katika sehemu ya pili ya tamthilia ya Mfalme Henry wa Nne, iliyochapwa mwaka 1600, mzee Northumberland anasubiri habari za vita vya Shrewsbury, vilivyopiganwa mwaka 1403. Mwanawe Hotspur yuko huko. Mjumbe anaingia. Kabla hajamaliza kusema, mzee anamwangalia, anamwambia weupe wa shavu lako unajua kusema kuliko ulimi wako. Kisha anamfananisha na mtu 'so dull, so dead in look, so woe-begone', aliyemfunulia mfalme Priam pazia usiku wa manane kumwambia kwamba nusu ya Troy, mji wake, imeungua. Huzuni imemzingira mjumbe, ndiyo, lakini mzee anaisoma usoni.

Ukurasa huo siwezi kuusoma bila kukumbuka usiku mmoja nilipokuwa mdogo. Jirani yetu alibisha hodi, mama akafungua na kandili mkononi. Yule mzee alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili tumboni, na alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuivua barazani kwetu. Hakusema kitu. Mama hakuuliza "kuna nini?" Aliuliza "nani?" Ule uso uliokuwa mlangoni ndio 'woebegone' ya Shakespeare, na tangu nilipoielewa hivyo sijawahi kuridhika na "mwenye huzuni", kama wewe.

Kabla sijafika kwenye Kiswahili chake, kuna Wobegon moja unayoweza kukutana nayo. Mtangazaji wa Marekani, Garrison Keillor, alianzisha mwaka 1974 kipindi cha redio huko Minnesota, na humo akabuni mji mdogo uitwao Lake Wobegon, ambako watoto wote wako juu ya wastani. Mwaka 1987 daktari mmoja wa West Virginia, John Cannell, alionyesha kwamba majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yanaripoti matokeo ya mitihani ya shule za msingi yaliyo juu ya wastani wa taifa, jambo lisilowezekana, na hali hiyo ikapewa jina la mji huo. Kwa mwalimu ni hadithi ya kuikumbuka. Kwangu mimi cha kupendeza zaidi ni tahajia: bila 'e' mbili za Kiingereza cha leo, jina hilo limesogea karibu kabisa na 'wo bigon' ya Chaucer.

Haya, Kiswahili. Usitafute neno moja la kulibeba kila mahali, maana halipo na halihitajiki. Ukikuta limetumika kwa hali ya ndani, kama kwa Absolon, tumia vitenzi vyetu vya kuzunguka: amezongwa na majonzi, amegubikwa na huzuni. Kuzonga ni kujiviringisha kama kamba, kugubika ni kufunika pande zote, na kwa hiyo 'be-' ile ya zamani inarudi mahali pake bila kulazimishwa. Hapo Kiswahili kinaifasiri asili ya neno kuliko Kiingereza cha leo kinavyoikumbuka.

Ukikuta limetumika kwa uso wa mtu, sema uso umemsawijika, au amejiinamia. Kwa yule mjumbe wa Shrewsbury mimi ningeandika: "uso umesawijika kama wa maiti, majonzi yamemzonga". Nimegawa neno moja mara mbili kwa makusudi, nusu ya uso, nusu ya moyo, kwa sababu pale Shakespeare alikuwa na vyote viwili.

Na mbwa wenu usimpe majonzi. Mwandishi anatuonyesha manyoya yaliyolala, mkia ulioshuka na masikio yaliyolegea, hatuingizi moyoni mwake. "Mwenye huzuni" lilipwaya kwa sababu hiyo. Mwambie binti yule ajaribu hivi, kisha aseme mwenyewe kama kuna kilichoondoka: "Mbwa alisimama getini, kalowa, kanywea."